Ukishatoka Diko: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Uzamili Anayetafiti Samaki

Miezi 12 ya kwenda diko, mahali wavuvi wanaposhusha samaki, imekwisha. Mezani una bunda la fomu zenye madoa ya maji chumvi, chini ya meza kuna katoni la chupa za formalini, kwenye friza ya idara kuna mifuko ambayo mtu mwingine ameanza kuisukuma pembeni, na simu imejaa picha za samaki juu ya ubao wa kupimia. Hapo wengi hufungua kompyuta na kuanza kuchora grafu. Usianze huko. Anza na kile kinachooza kwanza. Kumbukumbu huoza kabla ya ovari, ovari huoza kabla ya otolithi (vijiwe vya sikioni), na namba zilizoandikwa vizuri kwenye karatasi zinaweza kungoja.

Mfano tutakaoutumia ni wa tasi, Siganus sutor, ambaye Kenya wanamwita tafi, aliyevuliwa kwa mitego ya madema. Tumchukulie mwanafunzi aliyepima mapato ya wavuvi kwenye diko moja au mawili kwa mwaka mzima, na kila mwezi akanunua samaki wachache wa kupasua. Anayefanya changu, pono au mkundaji atabadilisha mambo machache tu.

Siku 7 za kwanza: kichwa chako na mizani

Piga picha kila ukurasa wa fomu na daftari, hata ule uliochanika. Ipe kila picha jina linaloanza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kisha diko, kisha namba ya ukurasa: 2024-03-17_diko1_02. Kwa jina hilo kompyuta itazipanga zenyewe. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta yako, ya pili kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski inayokaa kwenye begi moja na kompyuta haihesabiwi, maana mwizi huchukua begi zima. Fungua mafaili matano bila kuchagua uone kama yanasomeka.

Halafu kaa chini uandike yale ambayo fomu hazikuuliza. Ubao wa kupimia ulibadilishwa lini? Nani alipima mwezi ule ulipoumwa? Uzito wa kikapu uliondolewa palepale au ulibaki ndani? Siku ambazo hakuna fomu, ni kwa sababu upepo wa kusi ulizuia madau, au ni wewe hukufika? Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Siku ambayo hakuna chombo kilichotoka ni taarifa kuhusu uvuvi, lakini siku ambayo mpimaji hakuwepo ni pengo, na miezi sita baadaye zote mbili zitaonekana kwenye jedwali kama nafasi tupu. Wapigie simu waliokusaidia kukusanya takwimu wiki hiihii, kabla hawajabadilisha laini au kwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali.

Wiki hiyohiyo ipime mizani yenyewe. Mizani ya saa ya kuning'iniza ina springi, na springi huchoka. Huhitaji mawe ya maabara: lita moja ya maji baridi ni kilo moja, kwa tofauti isiyoonekana kwenye mizani ya aina hii. Tumia ndoo na chombo cha kupimia ujazo. Ning'iniza ndoo tupu, andika, kisha ongeza lita 1, 2, 5 na 10, ukiandika kila hatua. Ikizidisha gramu 200 kila mara, kosa ni la sifuri na utatoa gramu 200 kwenye kila uzito. Ikisoma 1.05 kwa kilo moja na 10.5 kwa kilo kumi, kosa linakua pamoja na mzigo, kwa hiyo utagawa kila uzito kwa 1.05. Ukichanganya makosa haya mawili utaharibu namba zilizokuwa na nafuu. Na kama mizani zilikuwa mbili, pima zote mbili, kisha tafuta kwenye daftari ipi ilitumika lini.

Sampuli: hesabu kabla ya kufungua

Andaa orodha ya kila chupa, bahasha na mfuko, kisha ilinganishe na fomu za upasuaji. Utakuta chupa zisizo na fomu na fomu zisizo na chupa. Ziandike zote na usikisie. Lebo iliyodumu ni ile ya penseli kwenye karatasi isiyolowa, iliyowekwa ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli, na lebo ya nje hubanduka. Kama zako ziliandikwa kwa kalamu, hilo ndilo litangulie leo kabla ya chai.

Gonadi (ovari na korodani) zilizo kwenye formalini zinahitaji uamuzi wa haraka. Formalini ya dukani ina formaldehaidi kati ya asilimia 37 na 40. Mililita 100 za hiyo ukizitia kwenye mililita 900 za maji unapata kile kinachoitwa formalini ya asilimia 10, ambayo kwa kweli ina formaldehaidi karibu asilimia 4. Andika hivyo kwenye sura ya mbinu, kwa sababu wapo walioandika asilimia 10 ya formaldehaidi na mtahini akawauliza. Isipotiwa bafa (chumvi za kuzuia asidi), formalini hugeuka asidi taratibu. Kwa lita moja, bafa ya kawaida ni gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja.

Kata ovari moja kubwa uitazame ndani. Ikiwa ganda limekakamaa lakini katikati ni laini, ina rangi nyingine na inanuka, formalini haikufika, pengine kwa sababu ovari ilitumbukizwa nzima au chupa ilijazwa nyama kuliko dawa. Kipande kisizidi unene wa nusu sentimita hadi moja, na dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Sampuli kama hiyo usiipeleke kwenye histolojia (kukatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini), utalipia slaidi isiyosomeka. Zilizohifadhika vizuri zisuuze kwa maji yanayotiririka usiku kucha, kisha zihamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ukiwa na ethanoli ya asilimia 96, chukua mililita 730 uongeze maji hadi lita moja. Kazi yote ya formalini ifanyike kwenye kabati la kuvuta hewa, ukiwa na glavu na miwani. Formaldehaidi inasababisha saratani, na dirisha lililofunguliwa halitoshi.

Gonadi zilizogandishwa hazifai kwa histolojia kabisa, kwa kuwa barafu hupasua seli. Hata uzito wake si salama, maana zikiyeyuka hutoa maji. Kama miezi mingine ulipima gonadi mbichi palepale na mingine ulipima baada ya kugandisha, usiziweke kwenye mstari mmoja wa fahirisi ya gonadi, yaani uzito wa gonadi kwa uzito wa samaki. Mwezi wa friza utaonekana kama mwezi ambao samaki hawatagi, kumbe ni maji yaliyobaki kwenye mfuko.

Otolithi

Vijiwe hivi vya sikioni ni chokaa, na adui yake ni asidi. Zilizowekwa kwenye formalini kingo zake huwa zimeliwa, na kingo ndiyo sehemu yenye habari za miezi ya mwisho ya samaki. Zilizo kwenye vichupa vikavu zifungue zote: pakibaki ukungu au utando mweupe, zisafishe kwa maji na brashi laini, zikaushe saa 24 kivulini, zirudishe kwenye kichupa kipya. Kisha pima uzito hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Mchoro wa uzito wa otolithi dhidi ya urefu wa samaki utakuonyesha mapema lebo zilizobadilishana.

Otolithi za tasi ni ndogo na huvunjika. Chagua upande mmoja, tuseme wa kushoto, ushikilie huohuo kwa samaki wote, na wa kulia uwe akiba. Weka alama ya penseli kwenye kiini, izamishe kwenye epoksi polepole ili mapovu yasikwame chini yake, acha igande saa 24, kisha kata kipande chenye unene wa milimita 0.3 hadi 0.5 kinachopita kwenye alama. Ukikata nje ya kiini, pete za mwanzo hazitaonekana na kila samaki atakuwa mdogo kwa umri. Sugua kwa msasa laini wa maji huku ukitazama hadubini kila baada ya muda mfupi, kwani ukizidisha hakuna kurudi. Jifunzie kwenye otolithi 10 za samaki wasio na fomu, ndiyo kazi iliyobaki kwao.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, na asiyejua urefu wa samaki wala mwezi aliovuliwa. Rudieni baada ya wiki mbili au zaidi. Tofauti kati ya masomo hupimwa kwa mgawo wa tofauti, ambao machapisho huuandika CV: kwa kila samaki, gawa mkengeuko wa kawaida kwa wastani, zidisha kwa 100, kisha tafuta wastani wa samaki wote. Utasikia kwamba CV isizidi 5. Kipimo hicho hakikutokana na samaki wa maisha mafupi. Mmoja akisoma 20 na mwingine 21, CV ya samaki huyo ni 3.4. Wakisoma 2 na 3, ni 28.3, ingawa wote wamepishana pete moja. Tasi hukua haraka na huishi miaka michache, kwa hiyo usikate tamaa wala usifiche namba. Toa CV, toa pia asilimia ya samaki mliokubaliana kabisa, na ueleze sababu.

Kuna swali zito zaidi: je, pete moja ni mwaka mmoja? Kwenye bahari yetu ya joto pete huwa hafifu, na nyingine zinaweza kutokana na kutaga. Ukiwa na sampuli za miezi yote 12, pima umbali kati ya pete ya mwisho na ukingo, uuchore mwezi kwa mwezi. Ukishuka mara moja tu kwa mwaka, una ushahidi kwamba pete ni ya mwaka. Ukishuka mara mbili, au ukikosa mpangilio, acha kudai umri wa miaka na usogee kwenye njia ya urefu iliyo hapa chini. Hiyo si aibu.

Kuingiza takwimu

Tengeneza majedwali matatu, si moja: la siku ya diko, la chombo kilichorudi, na la samaki mmoja mmoja. Kila samaki abebe namba ya chombo chake, na kila chombo namba ya siku yake. Anayeweka yote kwenye jedwali moja hulazimika kurudia idadi ya madema kwenye mstari wa kila samaki, kisha siku moja anajumlisha safu hiyo na kupata madema elfu tisa.

Tarehe iandikwe 2024-04-03, kwa kuwa 3/4 programu ya majedwali inaweza kuisoma Machi 4. Amua mapema: sifuri maana yake tumepima tukakuta hakuna, na NA maana yake hatukupima. Chombo kilichorudi mikono mitupu kina mstari wake wenye sifuri. Ukiwaacha hao nje, miezi ya maji mabaya itaonekana ya neema.

Jina la samaki liwe na safu mbili. Ya kwanza ni jina alilotamka mvuvi, neno kwa neno, ya pili ni jina la kisayansi ulilothibitisha kwa picha. Jina tasi linaweza kumbeba Siganus sutor, lakini pia Siganus luridus au Siganus stellatus, na changu ni ukoo mzima. Ukishabadilisha jina la mvuvi kuwa la kisayansi kwenye safu hiyohiyo, huna pa kurudi siku utakapogundua umekosea.

Baada ya kumaliza, mtu mwingine aingize upya fomu moja katika kila kumi. Linganisha. Kosa likizidi seli moja katika mia, rudia fomu zote. Ndiyo, zote.

Sasa chora urefu dhidi ya uzito kwa logarithimu. Tasi wa sentimita 24 huwa karibu na gramu 200, hivyo aliyeandikwa gramu 21 atajitenga na wenzake. Nenda kwenye picha ya fomu. Kama ni kosa la kuchapa, rekebisha kwenye programu ya R ukiandika sababu, faili la asili lisiguswe. Kama fomu nayo inasema 21, mwekee alama kwenye safu ya mashaka na umwache nje ya uchambuzi, asifutwe. Angalia pia kama urefu umerundikana kwenye 20, 25 na 30: mpimaji alikuwa akikadiria. Hapo tumia madaraja mapana ya urefu, ya sentimita 2 badala ya 1.

Ukigundua kwamba miezi mingine ulipima hadi ncha ya mkia na mingine hadi kwenye panda ya mkia, hilo linatibika. Nenda sokoni hata leo, pima tasi 100 wa ukubwa mbalimbali kwa njia zote mbili, upate mlinganyo wa kubadilisha. Vaa glavu nzito: miba ya tasi ina sumu hata akiwa amekufa.

Mapato na juhudi

Kipimo cha juhudi kwa madema ni dema lililopandishwa, si chombo. Mvuvi akipandisha madema 12 yaliyolala siku mbili akapata kilo 6, ni kilo 0.5 kwa dema. Usigawe tena kwa mbili upate 0.25. Dema halijazi sawasawa kila siku, kwa sababu chambo huisha na walioingia hutoka au huliwa. Idadi ya siku ambazo dema limelala iingize kwenye modeli kama kigezo chake.

Vingine vya kuingizwa ni msimu na mwezi wa angani. Kaskazi huanza karibu na Novemba hadi Machi, kusi takriban Aprili hadi Oktoba, na vipindi vya mpito kati yake vipewe jina lake. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huja kati yake. Kama fomu haikuuliza, tarehe ya Kiislamu itakupa siku ya mwezi kwa kukaribia: bamvua ni karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Kisha jiulize kama wewe mwenyewe ulikwenda diko siku za bamvua zaidi. Ukiona theluthi mbili za siku zako ni bamvua, wastani wa mwezi uutafute kwa kutenganisha vipindi viwili kwanza.

Mvuvi mmoja aliyepimwa mara 40 si wavuvi 40. Mweke kama athari ya nasibu kwenye modeli. Sifuri zikiwa nyingi, tumia modeli ya hatua mbili: ya kwanza ya kupata au kukosa, ya pili ya kiasi kwa waliopata, kwa mgawanyo wa gama.

Ukitaka jumla ya mwezi, zidisha wastani wa mapato ya chombo kwa siku kwa idadi ya vyombo vilivyotoka kweli, kisha kwa siku za uvuvi. Idadi ya vyombo vilivyosajiliwa haifai hapa, maana vingine vimelala juu ya mchanga tangu mwaka juzi. Siku za uvuvi nazo si 30: kama kijijini hawatoki Ijumaa, au Ramadhani hupunguza safari, hesabu yako ilijue hilo.

Ukubwa wa kupevuka na ukuaji

Kosa la kawaida la ukubwa wa kupevuka ni kuwachanganya samaki wachanga na wale waliokwisha kutaga wakapumzika. Kwa macho ovari zote mbili ni ndogo na angavu. Ukiwaita waliopumzika wachanga, ukubwa wa kupevuka utapanda bila sababu. Histolojia huwatenga: aliyewahi kutaga huwa na ukuta mnene wa ovari. Bajeti ikiwa ndogo, usitengeneze slaidi za samaki wote. Zitumie kwa walio karibu na ukubwa unaoshukiwa, na ukokotoe kwa samaki wa miezi ya kutaga pekee. Kwenye R ni modeli ya kilojistiki, na L50, urefu ambao nusu ya samaki wamepevuka, ni kipeo cha mwanzo (intercept) kikigeuzwa alama na kugawanywa kwa mteremko. Ukipata -13.2 na 0.6, L50 ni sentimita 22. Toa na mipaka ya uhakika. Ikiwa ni 17 hadi 27, sema wazi kwamba haitoshi kupendekeza ukubwa wa matundu ya dema.

Kwa ukuaji, pakiti ya R iitwayo TropFishR inakadiria mlinganyo wa ukuaji wa von Bertalanffy kutokana na urefu wa mwezi hadi mwezi. Dema haliwashiki wadogo, hivyo mwanzo wa mkunjo ni wa kukisia. K (kasi ya kukaribia urefu wa kikomo) na urefu wenyewe wa kikomo huvutana, kimoja kikipanda kingine hushuka, na samaki mmoja mkubwa aliyeandikwa vibaya huvuta vyote viwili. Endesha mara nyingi kwa sampuli za kurudiwa, na utoe masafa badala ya namba moja yenye desimali nne.

Vibali, mrejesho, na chupa zilizobaki

Soma tena kibali chako cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya): kina masharti ya ripoti, na kusafirisha sampuli nje ya nchi huhitaji ruhusa yake peke yake. Kabla ya kumpa mtu mwingine takwimu, ondoa majina ya wavuvi, namba za simu na vituo vya GPS vya mahali wanapotega. Mahali pa dema ni siri ya riziki ya mtu.

Mrejesho kwa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za ufukwe, ufanyike siku za maji mafu au siku ambayo wanapumzika, kwa Kiswahili, kwa kilo na shilingi badala ya logarithimu. Beba mchoro mmoja mkubwa wa mapato mwezi kwa mwezi, na ubao wenye alama ya sentimita 22 ili kila mtu aweke tasi wake juu yake. Usitoe pendekezo la kufunga eneo kabla msimamizi wako hajaliona pendekezo hilo. Wakipinga namba ya mwezi fulani, andika wanachosema. Mara nyingi wanakumbuka dhoruba au bei iliyoanguka, jambo ambalo fomu yako haikuliuliza.

Formalini iliyotumika isimwagwe kwenye sinki wala baharini. Ikusanye kwenye dumu lenye lebo, likabidhiwe kwa mhusika wa taka za kemikali wa maabara. Otolithi zilizobaki na slaidi zote ziachwe idarani kwenye sanduku moja pamoja na orodha iliyochapishwa, na nakala ya orodha hiyo ibandikwe ndani ya kifuniko.